Kadi Niliyomchagulia Dereva wa Treni

Juzi msichana mmoja anayesomea kompyuta hapa Embu aliniuliza kama ni kweli enzi zetu tulikuwa tukifungua mashine kwa kisu cha kukatia sukuma wiki. Nikamwambia ni kweli, na jioni kisu kilirudi jikoni kuendelea na kazi yake. Alicheka mpaka akashika meza. Nyinyi vijana mna haki ya kucheka. Mmekuta vifaa vimejaa madukani, na mkikwama mnauliza simu. Sisi tulikuwa tukikwama tunamwuliza Mugambi, na Mugambi naye akikwama tunafunga duka tunaenda kunywa chai.

Mugambi ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa mji wa Maua, na kabla ya kompyuta alikuwa akiendesha pikapu za miraa, zile zinazokimbilia Nairobi kabla hakujapambazuka ili mzigo ufike ungali mbichi. Alizika wenzake kadhaa kwa sababu ya mbio hizo, mwishowe akasema inatosha. Akanunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi iliyokuwa inahama, akafungua duka hapa mjini, ghorofani juu ya watu wa kuuza mbegu na dawa za mifugo. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya kupiga taipu. Nilipanda zile ngazi kuomba kazi ya kuchapa barua, akaniuliza, "Mama, unaogopa stima?" Nikasema siogopi. Akanipa bisibisi. Nilikuwa naogopa, lakini sikuthubutu kuirudisha.

Mashine za wakati huo zilikuwa na magonjwa ya kwetu. Vumbi la Mbeere lilikaa juu ya vyuma kama unga wa wimbi. Kompyuta ya chama kimoja cha kahawa tuliifungua tukakuta siafu wamehamia na mayai yao. Na stima yenyewe ilikuja ikitaka. Watu wa Kiambere walikuwa wanaishi kando ya bwawa linalotengeneza umeme na usiku wanawasha koroboi, basi sisi wa mjini hatukuwa na mdomo wa kulalamika.

Lakini leo sitaki kuwaambia habari za siafu. Nataka kuwaambia habari za kadi ya picha, kwa sababu ndiyo kitu mnachoniuliza kuliko vyote, ninunue kadi gani, na kila mara mkiniuliza namkumbuka Mzee Nyaga.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho wakati Mwalimu Wanja alipokuja dukani na kompyuta imefungwa blanketi. Alikuwa anafundisha shule ya msingi kule Karurumo, mwanamke mpole, wa rika langu. Nyuma yake alipanda babake, Mzee Nyaga, polepole, mkono mmoja ukutani. Mzee alikuwa amevaa koti zito la rangi ya samawati lenye vifungo vya shaba, na joto lote lile. Aliendesha treni za mizigo maisha yake yote ya kazi, akapanda bonde na kushuka bonde, hadi alipostaafu akarudi nyumbani kulima kahawa. Embu haina reli. Watoto wa Karurumo walimjua kama mtu aliyewahi kuendesha kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukiona.

Ndugu yake Wanja, aliyekuwa akisoma ng'ambo, alikuwa amemtumia mzee mchezo wa kuendesha treni, ulio kwenye CD. Wanja aliuweka kwenye kompyuta. Ulikubali kuwaka, lakini alipotuonyesha nilielewa kwa nini amekuja. Treni ilionekana kama makatoni yaliyofungwa kamba. Reli zilikatika vipande vipande, na kila baada ya muda picha ilisimama, halafu ikaruka mbele.

"Hiyo si treni," mzee alisema. "Hiyo ni kikohozi."

Nikamweleza kwamba ndani ya kompyuta kuna kadi inayochora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Kadi yao ilikuwa ya kuchapa barua. Mchezo wa treni unataka milima, reli na mabehewa vichorwe upya kila treni inaposogea, tena haraka, na kadi ile maskini ilikuwa inakimbia nyuma ya kazi bila kuifikia. Nikamwambia tutatafuta kadi nyingine, halafu tutaiwekea draiva wake.

"Draiva?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Ni programu ndogo ya kuiongoza kadi. Bila draiva, kadi haiwezi kufanya kazi."

Akamgeukia binti yake. "Umesikia? Na kule kwenye reli walituambia tuende nyumbani, treni zitajiendesha."

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia Wanja akicheka.

Mugambi alitaka kuagiza kadi yenye kumbukumbu kubwa kuliko zote, iliyo kwenye boksi lenye picha ya moto. Nikamwambia tufungue mashine kwanza. Hapo naomba mnisikilize, kwa sababu hata leo watu wananunua kadi kwa kuangalia boksi. Wakati ule bodi ya ndani ilikuwa na nafasi za aina mbili, zile nyeupe za zamani, na moja mpya ya kahawia iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi za picha peke yake. Tuliwahi kumwagizia mteja wa Runyenjes kadi nzuri, ikafika, ikakataa kuingia, na Mugambi akaisukuma kama mtu anayefunga mlango wa pikapu. Alivunja bodi. Kwa hiyo fungueni kwanza. Ya Mzee Nyaga ilikuwa na nafasi nyeupe tu. Kadi ya boksi la moto haikuwa yetu.

Rafiki wa Mugambi aliyekuwa na duka la vipuri Nairobi alitukubalia kutuma kadi mbili, tuzijaribu, tubaki na moja. Zilikuja na pikapu ya miraa iliyokuwa inarudi tupu, zikiwa zimefungwa majani ya migomba kama mzigo wa kawaida. Nilizitoa na kuzipanguza, na duka zima likanuka miraa ya Maua.

Mzee alikuja na Wanja kuzijaribu. Kadi ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu. Mlima ulionekana mlima, mti uliota majani, hata maji ya mto yalimetameta. Watu wa duka la mbegu walipanda juu kutazama. Lakini treni ilipokolea mwendo, picha ilianza kusita. Kusita kidogo tu. Mzee alipeleka mkono wake kwenye kibodi kufunga breki, akaurudisha.

"Weka ile nyingine," alisema.

Ya pili haikuwa na sifa. Miti yake ilikuwa kama vijiti, na mto ulikuwa mstari wa buluu. Mugambi alinong'ona kwamba hii tuirudishe. Lakini picha ilikwenda bila kusita, laini kama maziwa yakimiminwa, na mbele kabisa, pale reli zilipokutana, taa ya ishara ilitokea kama nukta na ikabaki palepale, haichezi, mpaka tukaifikia. Mzee alifunga breki mapema, akaachia, akafunga tena kidogo. Treni ikasimama stesheni ya nchi sijui gani, mahali hasa pa kusimama. Akaweka mikono juu ya magoti.

"Ile ya kwanza ina miti mizuri, mzee," Mugambi alisema kwa heshima.

"Ina miti mizuri sana. Lakini mimi siendeshi miti." Halafu akaniambia mimi, "Treni ya mizigo haisimami unapotaka, mwanangu. Inasimama pale ulipoamua zamani. Dereva anataka taa tu, aione mapema, na isimdanganye."

Tukabaki na ya pili. Nimewachagulia watu kadi nyingi tangu siku hiyo, na swali langu la kwanza limekuwa lile alilonijibu kabla sijamwuliza: utakuwa unaangalia nini?

Wakati Mugambi anafunga mashine, niliona jambo ambalo nilikuwa nimeliona bila kulifikiria. Mzee alikuwa akitafuta kofia yake mezani. Ilikuwa karibu na kiwiko chake. Aligeuza kichwa chote kushoto, akakirudisha kulia, kama mtu anayechungulia kwa bomba. Wanja aliichukua na kumpa. Alinivuta pembeni, kwenye ngazi.

"Ni presha ya macho," aliniambia. "Pembeni pamekwisha kuwa giza. Amebaki na katikati. Daktari amesema kilichopotea hakirudi, dawa ni za kuchelewesha tu. Ndiyo maana nilitaka aendeshe sasa."

Nilimsaidia kubeba skrini.

Walikuwa na stima, kwa sababu laini ilipita sokoni na nyumba yao ilikuwa nyuma tu ya maduka. Kila nilipopita Karurumo kwa kazi za shule na zahanati, niliingia kuwasalimu. Mzee alikuwa ameweka kompyuta mezani mbele ya dirisha lililofungwa, kiti chake cha mbao kikiwa na mto wa kukalia. Wanja alikaa upande wa kushoto akisahihisha madaftari ya wanafunzi, na mzee anaendesha. Alinieleza mambo kama vile nilikuwa mwanafunzi wa reli: kwamba kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwamba mabehewa ya nyuma yana akili zao, kwamba mvua ya kwanza ndiyo inayotelezesha reli, ile kubwa inaziosha. Wanja naye alikuwa akiinua kichwa na kuuliza maswali. Siku moja, akinisindikiza barabarani, aliniambia kwamba alipokuwa mtoto babake alikuwa mtu wa kuja mwisho wa mwezi na mkate na magazeti, akalala, akaondoka. "Nimemjua mwaka huu," alisema.

Halafu msimu wa kuchuma kahawa Wanja alikuja dukani asubuhi peke yake, mwendo wa haraka.

"Baba amepita taa nyekundu jana," alisema. "Anasema haikuwaka. Anasema kadi imeharibika. Tafadhali njoo uiangalie."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Taa ilikuwa inawaka?"

Alitazama chini. "Mimi si fundi," alisema. "Njoo uangalie."

Nilifunga vifaa vyangu vyote. Nilibeba waya wa akiba wa skrini, na kadi nyingine tuliyoitoa kwenye mashine iliyokufa. Njia nzima nilikuwa nahesabu makosa yanayoweza kuifanya kadi kupoteza rangi nyekundu, na nawaambia ukweli, sijawahi kutamani kukuta kitu kimeharibika kama nilivyotamani siku ile. Yapo makosa ya namna hiyo. Waya wa skrini wa wakati ule ulikuwa na pini nyembamba mwishoni, na moja kati ya hizo ndiyo iliyobeba nyekundu. Ikipinda, nyekundu yote inapotea kwenye skrini na ulimwengu unabaki wa buluu na kijani. Nilikuwa nimeshawahi kuinyoosha pini ya namna hiyo kwa kibanio cha nyusi. Nilikuwa nacho mkobani.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, koti limefungwa vifungo. Tulisalimiana. Nikachomoa waya na kuupeleka mlangoni kwenye mwanga. Pini zote zilikuwa zimenyooka. Nikafungua mashine, nikaitoa kadi, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, maana kutu ndogo usiyoiona huweza kuleta mambo. Nikairudisha. Nikaweka draiva upya. Nikaangalia mpangilio wa rangi, ukawa sawa. Nikabadilisha waya ingawa haukuwa na kosa. Wanja alisimama nyuma yangu muda huo wote.

Mwishowe nikafanya jaribio ambalo nilipaswa kulianza. Niliijaza skrini yote rangi moja, nyekundu tupu, kutoka pembe hadi pembe. Chumba kilikuwa na giza kidogo kwa sababu ya lile dirisha, na ukuta wote ukawa mwekundu, na mikono yangu pia.

Mzee alisogeza uso karibu, akageuza kichwa huku, akageuza kule.

"Unaona nini?" aliniuliza.

"Naona nyekundu, mzee."

"Skrini yote?"

"Yote."

Nje mtu alikuwa akipitisha mbuzi. Ningeweza kumwambia kwamba kadi ina kosa, nikaibeba, nikamwachia miezi kadhaa ya kuilaumu. Wanja angenishukuru. Lakini alikuwa ameniuliza kama dereva anavyomwuliza mtu wa reli, na nilijua anataka jibu la namna gani.

"Kadi ni nzima?" aliuliza.

"Ni nzima, mzee. Sikuona kosa lolote."

"Asante," alisema. Akapapasa ukingo wa meza, akasimama, akarudisha kiti chini ya meza vizuri. "Kazini, dereva akipita taa nyekundu anateremka. Hata kama hakuna aliyeumia. Hiyo ni sheria nzuri."

"Baba," Wanja alisema, "mimi nitakuwa nakuambia taa. Nitakaa hapa nikuambie."

"Ungeniambia jana."

Mzee akanyoosha mkono akaupata uso wa binti yake, akaushika kidogo. "Sikugombezi, mama. Ulinionea huruma. Lakini msaidizi hamwonei dereva huruma." Akaenda chumbani kwake na mkono ukutani.

Nilimkuta Wanja jikoni akikoroga sufuria ambayo haikuwa motoni. Alisema, "Niliiona ile taa. Niliiona tangu mbali. Nilifikiri nikinyamaza atafika karibu aione mwenyewe." Nikakaa naye. Tulichambua maharagwe yaliyokuwa kwenye ungo.

Muda mrefu kompyuta ile ilifunikwa kitambaa. Wanja aliniambia mzee alishinda uani akisikiliza redio, na jioni alilala mapema. Pembeni palizidi kufunga, na ile katikati nayo ikaanza ukungu. Kisha siku moja ya likizo Wanja alifunua mashine, akakaa kwenye kiti cha babake, akaendesha mwenyewe. Hakuwa na lengo lolote, alisema, ila alikumbuka ule mlio. Aliendesha vibaya. Alipita stesheni ya kwanza, akapita ya pili, na alipokuwa anakaribia ya tatu kwa kishindo alisikia sauti mlangoni.

"Umechelewa breki."

Hakugeuka. "Nifunge saa ngapi, baba?"

"Ulipaswa kufunga wakati mlio ulipobadilika. Sikiliza. Hapo umeanza kushuka."

Alisikia kiti cha pili kikivutwa. Toka siku hiyo waliendesha hivyo, yeye kwenye kibodi na mzee upande wa kushoto. Hakuna siku aliyomsifu. Nilipoenda kuwatembelea nilimsikia akimwambia kwamba kama angekuwa na watu kwenye mabehewa wangeshamwaga uji wote.

Kufikia mvua za mwaka uliofuata Mzee Nyaga alikuwa haoni kabisa. Nilipopita aliutambua mwendo wangu kwenye changarawe, na swali lake likawa moja tu: kadi mpya zinaonyesha nini sasa? Nikawa namweleza. Nilimweleza mvua inayoteleza kwenye kioo cha dereva. Nilimweleza kivuli cha treni kinachokimbia kando ya tuta, na moshi unaotanda badala ya kukaa kama pamba. Sikuongeza chumvi. Kadi ikiwa mbaya nilimwambia ni mbaya. Mugambi alikuwa akinicheka kwamba nasoma magazeti ya kompyuta kwa ajili ya mteja asiyenunua kitu, lakini gazeti likifika alinipa mimi kwanza.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, blanketi mpaka kifuani, koti limetundikwa msumarini. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na Wanja alikuwa amemwekea mto wa pili nyuma ya mgongo. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia kuna kadi nimeiona Nairobi wiki ile, kwenye duka la rafiki yake Mugambi, iliyonifanya nisimame mlangoni na mkoba begani.

"Miti yake?" aliuliza.

"Inatikiswa na upepo."

"Na taa? Unaiona ukiwa umbali gani?"

Nilifikiri vizuri kabla ya kumjibu. "Mbali, mzee. Unaiona kabla hujaingia kwenye kona, ng'ambo ile, imesimama wima. Haichezi."

Alifumba macho nikadhani amelala.

"Basi dereva atapata nafasi ya kusimama," alisema. Halafu akamwambia Wanja anisindikize mpaka barabarani, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka na sikuwa na mwavuli.